Maneno ya Bibi Mektrida Baada ya Wimbo

Sogea, nafasi ipo. Wewe ambaye ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, usione haya. Wenzako wanaonifuata tangu mwanzo watakupisha.

Naitwa Flavia, mwimbaji wa Mfongo Bendi ya hapa Moshi. Ni bendi ya watu watatu, haina tajiri, haina meneja, haina gari. Swaleh anapiga gitaa. Melkior anapiga ngoma. Mimi naimba, na kila Ijumaa naongea kwenye podikasti yetu: nyimbo za zamani za mlimani, matangazo ya wapi tutapiga, na maneno ya hapa na pale, maana mimi bila maneno ya hapa na pale naumwa kichwa.

Wafuasi wangu mnajua ukumbi wa kwanza ulivyotufukuza kwa kosa la kujaza watu kuliko viti. Mnajua harusi ya Kibosho ilivyovunjika tukiwa tumeshafunga spika. Wengine mliniandikia: dada Flavia, una mkosi, nenda ukaombewe.

Nilienda. Nikaombewa. Nikatoka hapo nikafanya hili la leo.

Tuliachana pale tulipopanda Masama kumrekodi Bibi Mektrida, bibi yake Melkior mzaa baba. Mama huyo meno yamempungukia lakini sauti imegoma kuzeeka. Akatuimbia wimbo wa kuchuma kahawa mpaka Swaleh akasahau kupiga gitaa. Wimbo ukaisha. Melkior akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi nikasogea pembeni kupiga picha, rekoda nikaiacha kwenye kigoda, inanasa.

Bibi na jirani yake wakaendelea na soga zao kwa Kimachame, wakacheka mpaka kuku wakatawanyika.

Sasa mimi ni mtu wa Rombo. Kichagga chetu na cha Machame ni kama ndugu waliogombana: wanajuana kwa sura, hawasemeshani. Sikuelewa hata neno.

Bendi yetu ina sheria moja. Hakuna kitu kinaruka hewani kabla sote watatu hatujakisikiliza. Lakini Ijumaa ile umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi jua linazama. Melkior alikuwa sokoni Kwa Sadala anawamba ngozi mpya ya ngoma. Wasikilizaji wananiuliza, dada vipi, leo kimya? Nikajiambia, kicheko cha wazee wawili kina ubaya gani? Si ndiyo ladha yenyewe! Nikakiacha kwenye mkia wa wimbo.

Nikarusha.

* * *

Jumamosi asubuhi nilikuwa Majengo, kwenye chumba cha uani cha mama yake Swaleh, ambacho tumekizungushia magodoro ukutani tukakiita studio. Nikafungua simu. Nikapiga kigelegele.

"Swaleh! Njoo uone! Watu wanasikiliza kama wanagawiwa sukari!"

Swaleh akaja na mswaki mdomoni. "Wametoka wapi wote hawa?"

"Mlimani! Masama, Machame, Hai yote. Mpaka wa Dar wamo."

"Mbona wanarudia dakika za mwisho tu?"

Swali lilikuwa zuri kabisa. Sikulijali. Nilikuwa nasoma komenti. *Mama kasema!* *Hatari hii.* *Usiibe, amesema Bwana.* Mmoja hakuandika kitu, aliweka picha ya mmea na vicheko.

"Wamependa kicheko cha Bibi," nikasema.

Mama yake Swaleh, Bi Mwanaasha, alikuwa mlangoni na sahani ya chapati. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Flavia mwanangu, mtu akiona anashangiliwa na hajui kwa nini, ajigeuze aangalie nguo yake nyuma."

Kabla sijacheka, Melkior akaingia. Hakubisha hodi. Hakumwamkia hata Bi Mwanaasha, na huyo ni mtu anayeamkia mpaka paka.

"Futa," akasema.

"Nifute nini?"

"Ya jana. Futa sasa hivi. Utaniuliza baadaye."

"Melkior, hujaona namba? Jumamosi ijayo Kwa Sadala tutapiga nyomi!"

"Flavia! Unajua bibi yangu anasema nini pale mwisho?"

"Anacheka."

"Anacheka baada ya kusema."

Akakaa juu ya spika. Akatutafsiria, neno moja moja, kama mtu anayetoa miiba mguuni.

Hebu niwape picha, maana si wote mmezaliwa mlimani. Kihamba ni shamba la nyumbani, migomba na kahawa na makaburi ya wazee. Kwa desturi, kihamba cha baba humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho. Kwa kina Melkior wa mwisho alikuwa baba yake, marehemu. Wa kwanza ni baba yake mkubwa, Thadeus, naye alishakatiwa chake zamani, jirani hapo hapo. Kati ya vihamba hivyo viwili kuna mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo tunaipanda mpakani, na ambayo hakuna mwenye akili timamu anayeing'oa.

Na Bibi Mektrida alikuwa amesema hivi, hewani, kwa sauti safi niliyoisafisha mimi mwenyewe:

"Mdogo wake hata hajapoa kaburini, Thadeus akaamka alfajiri akang'oa masale. Akayapanda huku kwangu, mfongo ukabaki kwake. Alidhani mama yake amelala. Nilikuwa dirishani."

Jirani akamuuliza: "Na maji unapata wapi?"

"Namwomba. Mwanangu niliyemzaa, namwomba maji."

"Na Jumapili anasimama mbele kusoma somo!"

"Tena anasoma vizuri. Ile ya 'usiibe' anaisoma kwa sauti nzuri kuliko padri."

Hapo ndipo wanapocheka mpaka kuku wanakimbia.

Mfongo, kwa msiojua, ni mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni ukipita kwenye migomba ya kila mtu. Bendi yetu imechukua jina hapo, na mfongo wenyewe ni huo huo. Melkior alianza kupiga ngoma kwenye ndoo za bibi yake akiwa ukingoni mwa maji hayo.

Nikafuta. Nikafuta kila mahali. Lakini kufuta ni nini siku hizi? Kile kipande kilishahamia kwenye magrupu ya ukoo, ya kwaya, ya vikoba. Shangazi mmoja wa Melkior alimpigia simu akamwambia sokoni Kwa Sadala wanakicheza kwenye upande wa ndizi, mwenye simu anapandishwa juu ya mkungu ili wote wasikie.

Nilizoea kusambaza umbea ninaoujua. Safari hii nilisambaza nisioujua, na huo ndio uliokuwa wa kweli.

* * *

Mchana ule simu yangu ikaita. Namba ngeni.

"Binti Flavia, hujambo?"

"Sijambo baba. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Unaimba vizuri sana. Mimi ni msikilizaji wenu. Naitwa Thadeus."

Nikaiweka simu kwenye sauti kubwa. Swaleh akashusha gitaa. Melkior akainama.

"Baba, naomba unisamehe, mimi sikujua..."

"Najua hukujua. Wewe ni wa Rombo. Sikulaumu hata kidogo." Sauti laini kama siagi. "Ila nataka unisaidie kitu kuhusu mama yangu. Umri umekwenda, binti. Anaona mambo ambayo hayapo. Jana anasema hili, kesho lile. Inaniuma."

"Mimi nilimwona yuko sawa tu, baba."

"Ulikuwa naye muda mfupi. Sasa kesho baada ya misa ukoo unakaa. Mimi nina mawazo mawili. La kwanza: kama maneno yale ni ya mama kweli, basi akili imeshamruka, na mtu wa namna hiyo haachwi peke yake kwenye kihamba. Binti yangu yuko Arusha, ana chumba kizuri, chenye vigae. Atatunzwa huko. Gari nimeshaliongea, linamchukua kesho kesho."

Nikamtazama Melkior. Amefumba macho.

"Na la pili, baba?"

"La pili ni kwamba maneno yale si ya mama. Ninyi vijana mna utundu wenu wa kukata na kuunga sauti. Ukija ukasema mbele ya ukoo kwamba ulikata hapa ukaunga pale, kwa kutaka watu wacheke, basi mama hana kosa, mimi sina kosa, kila mtu anakula nyama anakwenda nyumbani. Mama anabaki kwake."

"Nikisema hivyo anabaki?"

"Mimi ni mtu wa kanisa, binti."

Akakata.

Bi Mwanaasha, ambaye alijifanya anakunja nguo uani, akasema kupitia dirishani: "Huyo baba ana ulimi wa kunyolea."

Swaleh akasimama. "Hakuna cha kuunga. Tunapanda, tunasema kweli. Bibi ana akili kutushinda sote humu ndani."

"Na gari la Arusha?" nikauliza.

"Ukoo mzima utakaa kimya, kikongwe apakiwe kama gunia? Melkior, sema kitu bwana! Kihamba ni chako!"

Melkior alikuwa anapiga vidole gotini, mdundo hauna mwanzo wala mwisho.

"Sema umeunga," akaniambia.

"Nini?"

"Sema umeunga, Flavia. Yaishe."

"Kaka," Swaleh akamwambia, "ukimwacha aseme hivyo, mpaka umebaki pale alipouweka. Hakuna atakayeufungua tena."

"Mpaka ni udongo. Bibi akitolewa pale hamalizi mwaka. Sema umeunga."

Hakututazama machoni. Nikasema moyoni, tazama mapenzi hayo. Mtu anaacha ardhi ya baba yake ili bibi yake afie nyumbani. Nikamshika bega. Nikamwahidi.

* * *

Mimi napenda watu. Nikikuta nyumba imejaa, miguu inaanza kucheza yenyewe. Lakini uwanja wa Bibi Mektrida Jumapili ile ulikuwa umejaa watu wasiocheka.

Wanaume wamekaa kwenye mabenchi, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inapita mkono kwa mkono. Wanawake upande wa jikoni, kanga zimekazwa. Vijana wamekaa kwenye ukuta, simu mikononi. Nje ya geti, gari jeupe, dereva amelala, kiti cha mbele kimewekewa mto. Mto huo ndio ulioninyong'onyesha.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya mlango, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wa Rombo. Umekula?"

"Bado, Bibi."

"Mtu hasimami mbele ya baraza na tumbo tupu. Mpeni ndizi."

Nikapewa ndizi za kuchemsha na nyama. Nilizitafuna kama natafuna karatasi. Swaleh pembeni yangu. Melkior alikwenda kukaa na wanaume wa ukoo, mbali.

Mzee Eliaichi, mkubwa wa ukoo, akagonga fimbo chini. "Tumekutana kwa sababu ya maneno yaliyotoka kwenye mtandao. Thadeus, ndugu yetu, anasema yamemvunjia heshima. Msichana mwenye chombo yupo. Tumsikilize, halafu tuone habari ya mama kwenda Arusha."

"Nani kasema nakwenda Arusha?" Bibi akauliza.

"Mama, tulia kwanza," Thadeus akasema. Mrefu, suti ya kijivu, rozari inachungulia mfukoni. "Unaona, Mzee Eliaichi? Nilimweleza jana tu, ameshasahau."

"Sijasahau. Nauliza nani kasema."

Mwanamke mmoja jikoni akakohoa kicheko. Fimbo ikagonga.

Nikaitwa katikati.

Wasomaji wangu, nimeimba mbele ya walevi, mbele ya wakuu, mbele ya mbwa wa polisi. Hao wote hawakunitisha kama mabenchi yale. Nikamtafuta Melkior kwa macho. Akanitikisia kichwa: sema.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi ndiye mwenye kosa. Yale maneno hayakuwa hivyo. Nilikata huku nikaunga kule. Nilitaka watu wacheke. Bibi hakusema vile."

Mguno ukazunguka uwanja mzima. Swaleh akajishika kichwa. Thadeus akashusha pumzi ndefu, akageukia benchi la wazee na mikono imefunguka, kama anayesema, si niliwaambia?

"Wa Rombo," Bibi akasema.

"Abee, Bibi."

"Kaa chini. Hujui kusema uongo, unatoka jasho puani."

Watu wakacheka, wakajikamata.

Bibi akainuka kwenye kigoda. Akajishika kwenye mlango, si kwenye mkono wa mtu. "Eliaichi, wewe nimekupaka mafuta ukiwa mtoto, nisikilize. Huyu binti hakuunga kitu. Nimesema mimi. Na nilisema nikijua kile chombo kimewashwa."

"Bibi!" Sauti ya Melkior ilikatika katikati.

"Kina kitaa chekundu. Niliuliza siku walipokuja mara ya kwanza, hiki kinawaka nini? Nikaambiwa, kikiwaka kinasikia. Basi siku ile nikakiona kinawaka, mwenyewe yuko kule anapiga picha mbuzi wangu. Nikamwambia jirani, njoo tuongee." Akavuta pumzi. "Nimemwambia katekista, akaniambia niombe. Nimekwambia wewe Eliaichi, ukaniambia mtoto ni mtoto. Chombo hakikunijibu kitu. Kilisikia tu, kikaenda kusema. Sasa niambieni, mtu aliyerukwa na akili ndivyo anavyopanga?"

Hapo gari la Arusha lilikufa pale pale lilipoegeshwa. Niliona kwenye nyuso za wazee. Eliaichi mwenyewe aliiangalia mbege yake kama kuna kitu kimedondokea humo.

Nikataka kurusha ngumi hewani. Swaleh akanikanyaga mguu. "Tulia. Tazama."

Thadeus alikuwa ameondoka. Alipita kwenye migomba bila kusema, na watu wakaanza kunong'ona kwamba amekimbia.

Hakukimbia. Alirudi ameshika jani la isale, umoja wa masale, amelifunga fundo.

Mfongo ukasikika ukipita kule chini.

Hata sisi wa Rombo hilo tunalijua. Mtu akikukosea, akakuletea jani la isale, humkatalii. Liwe kosa la kumwaga maji au la kumwaga damu, ukiletewa isale umefungwa mikono. Anayelikataa ndiye anayegeuka mkosaji, na yatakayompata hakuna wa kumlilia.

Thadeus akapiga magoti na suti yake kwenye vumbi. Akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe."

Wanawake wawili walianza kulia. Nikajisemea, basi, yamekwisha, mlima umerudi mahali pake.

Bibi hakunyoosha mkono.

"Umelikata wapi?" akauliza.

"Mama?"

"Jani. Umelikata wapi?"

Thadeus akalifunika jani kwa kiganja. Hapakuwa na haja ya jibu. Alikuwa ametokea upande wa mpakani, kwenye masale yale yale aliyoyahamisha.

"Mama," Eliaichi akasema taratibu, "isale halikataliwi."

"Sijalikataa. Naliangalia."

"Likipokelewa, neno limekwisha. Hakuna wa kulifukua tena, hapa wala kwenye mitandao yenu hiyo."

"Limekwisha na masale yakiwa wapi?"

Eliaichi akamtazama Thadeus. Thadeus akatazama chini. "Neno limekwisha, mama," Eliaichi akarudia. "Ndiyo desturi."

Ndipo nikaelewa. Huyu hakuja kuomba radhi. Amekuja kufunga mlango. Bibi akipokea, mfongo umekwenda moja kwa moja na kusema tena ni mwiko. Asipopokea, amevunja desturi mbele ya ukoo mzima, na mtu wa namna hiyo ukoo una haki ya kumfanyia lolote. Dereva nje ya geti alikuwa ameamka, amekaa wima.

Bibi Mektrida akamwangalia mwanawe. Halafu akanigeukia mimi.

"Wa Rombo. Kile chombo umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho, Bibi."

"Kiwashe."

Uwanja ukalipuka. "Hapana!" "Mambo ya ukoo hayatoki!" Fimbo ya Eliaichi iligonga mpaka nikadhani itavunjika.

"Jani nalipokea," Bibi akasema, na sauti ile ya kuchuma kahawa ikawapita wote. "Nalipokea mbele yenu. Lakini msamaha una jina. Aseme ananiomba nimsamehe nini. Aseme kile alichofanya, kwa mdomo wake, kwenye kile chombo, halafu nalipokea na mikono yote miwili. Desturi gani inakataza mkosaji kutaja kosa?"

Hakuna aliyeijua.

"Binti," Eliaichi akaniambia, kidole kimenielekea, "ukiwasha hicho kitu hapa, usikanyage tena kwenye ukoo huu. Na mtoto wetu Melkior hatapiga ngoma na wewe tena. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nikafikiria Jumamosi Kwa Sadala. Nikafikiria bendi bila ngoma, yaani mtu na gitaa wanaombea mvua. Nikamtazama Melkior tena. Safari hii alikuwa anatikisa kichwa upande upande, haraka haraka, macho yamemtoka. Usiwashe.

Swaleh sikioni mwangu: "Washa, Flavia."

Ule mto kwenye kiti cha gari ukanijia machoni.

Nikawasha. Nikatembea mpaka pale Thadeus alipopiga magoti, nikakishika chini ya kidevu chake.

Alikitazama. Nilitegemea agome. Nilitegemea alie. Alifanya kitu kibaya zaidi: alitabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka.

"Haya, mama. Umetaka mwenyewe. Niliyang'oa masale. Ni kweli, alfajiri, kama ulivyosema. Naomba unisamehe kwa kukuficha." Akalisogeza jani mbele. "Lakini sikuiba. Nilipewa."

"Ulipewa na nani?"

"Na mwenye kihamba. Mdogo wangu. Aliniita kitandani kwake, wiki aliyokufa, akaniambia, kaka, chukua upande wa mfongo, ila mama asijue, atakufa kabla yangu. Nikamwahidi. Nimelibeba jina la mwizi, nimekuita mwehu mbele ya ukoo, mama, ili nisivunje ahadi ya marehemu."

"Muongo!" Swaleh akapiga kelele. "Marehemu ndiyo shahidi wako?"

"Shahidi yuko hai," Thadeus akasema. "Alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Muulizeni alipewa nini badala ya mfongo. Muulizeni zile spika zilitoka wapi. Zile maikrofoni. Hata hicho alichokishika huyu binti."

Melkior alituambia vyombo alinunuliwa na mjomba wake wa Dar es Salaam. Alituambia siku ya kwanza, tukashangilia, Bi Mwanaasha akapika pilau. Hatukuwahi kumwona huyo mjomba, na hatukuwahi kuuliza. Nani anamuuliza aliyemletea spika?

Rekoda ikawa nzito mkononi mwangu kama jiwe la kusagia.

Ukoo mzima uligeuka. Benchi la wanaume likajisogeza lenyewe, huku na huku, mpaka Melkior akabaki amekaa peke yake.

Bibi Mektrida alishuka kizingitini. Alimpita Thadeus na jani lake kama anapita kisiki. Akasimama mbele ya mjukuu wake, yule aliyempa ndoo za kwanza za kupigia ngoma.

"Melkior," akasema. "Ni kweli?"

Nilikuwa nimeshafika. Sijui miguu ilinipeleka saa ngapi. Mkono wangu ulikuwa umenyooka, na kile chombo kilikuwa mbele ya mdomo wa rafiki yangu.

Hakumtazama bibi yake. Alinitazama mimi.

"Flavia," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Zima hicho kitu."

"Usizime," Bibi akasema.